Maswali kwa Fundi: Betri ya trela inachemka, nani anaichemsha?

SWALI: Fundi, shikamoo. Tuna trela ya kambi inayovutwa na Land Cruiser, tunapeleka wageni Serengeti na Ngorongoro. Ndani kuna betri moja ya maji, Ah 105 (ampea-saa 105), inayoendesha friji, taa na pampu. Inachajiwa na vitu vitatu: gari tukiwa njiani, paneli ya sola ya wati 150 iliyo juu ya paa, na chaja ya umeme wa nyumbani tukirudi. Tangu tufunge hiyo paneli, maji ya betri yanaisha kila wiki, boksi linanuka mayai viza, na taa mbili za LED zimeshaungua. Hii ni betri ya pili. Fundi wetu anasema betri ni ndogo, tununue ya Ah 200. Ni kweli?
*Msomaji, Karatu*

JIBU: Marahaba. Betri usinunue kwanza. Udogo wa betri hufanya friji izime usiku, hauchemshi maji. Hiyo ya Ah 200 ukiifunga kwenye nyaya zilezile itachemka vilevile, ila itachelewa kidogo kukauka, na hasara itakuwa mara mbili.

Betri ya volti 12 ina seli sita. Seli ikivuka takriban volti 2.4, yaani 14.4 kwa betri nzima, na betri ikawa imeshajaa, umeme unaoingia hauna pa kukaa. Unabaki kupasua maji yawe haidrojeni na oksijeni. Kuchemka kidogo mwishoni mwa chaji, saa moja au mbili kwenye volti 14.4 hadi 14.8, si ugonjwa. Kunasaidia kukoroga tindikali isitulie chini. Kinachoua ni kuchemka mchana kutwa, kila siku.

Tupige hesabu ya maji yako. Kila ampea-saa 1 inayoingia kwenye betri iliyokwisha kujaa hula karibu gramu 2 za maji katika seli zote sita. Paneli ya wati 150 hutoa kama ampea 8 jua likiwa la utosini. Betri ikijaa saa tano asubuhi na paneli ikaendelea kusukuma saa nne nzima, hizo ni ampea-saa 32, gramu 64 za maji. Kwa wiki ni karibu nusu lita. Unaona jinsi hesabu inavyoelekea kule kwenye malalamiko yako, na wewe mwenyewe umesema yalianza baada ya kufunga paneli. Ndiyo maana paneli tunaishuku kwanza, lakini bado hatujaihukumu. Kuna wachajiji watatu hapo, na kila mmoja apimwe peke yake, wawili wengine wakiwa wamezimwa.

Kabla hujagusa spana: fungua kifuniko cha boksi, uache hewa ipite robo saa. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka, na cheche moja ya waya inatosha. Kwa hiyo zima chanzo cha chaji kwanza, ndipo uchomoe kichwa cha betri. Paneli huzimwa kwa kuifunika blanketi zito. Vua pete na saa, vaa miwani. Ukikuta betri ni ya moto mpaka mkono haukai, au ubavu umevimba, zima kila kitu na uiache ipoe yenyewe. Iliyovimba haichajiwi tena.

Multimita nayo ikaguliwe. Multimita yenye betri yake ya ndani iliyochoka husoma juu kuliko ukweli, na watu wamebadilisha alternata nzima kwa sababu hiyo. Weka betri mpya ya volti 9 ndipo uanze.

Anza na betri yenyewe. Ichaji ijae, ichomoe kwa kila kitu, iache usiku mzima, asubuhi pima. Nzima husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 10.5 au karibu na hapo, seli moja imepiga shoti, na betri ya namna hiyo huchemka hata chaja ikiwa haina kosa lolote: chaja inatafuta 14.4, lakini seli zilizobaki ni tano, kila moja inabebeshwa karibu volti 2.9. Hakikisha kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa tindikali. Seli iliyojaa husoma kati ya 1.265 na 1.280, tofauti ya zaidi ya 0.050 kati ya seli na seli maana yake betri imekwisha. Usiruke hatua hii. Betri ya kwanza iliharibiwa na chaji, lakini hii ya pili inaweza kuwa imeshaharibika kiasi cha kuendelea kuchemka hata baada ya kosa kutibiwa, nawe ukadhani hukutibu kitu.

Halafu gari. Funika paneli, washa injini, zima taa na kiyoyozi, panda hadi mizunguko 2,000 hivi, pima kwenye betri ya gari, kisha kwenye betri ya trela. Kawaida ni 13.8 hadi 14.4. Ikivuka 14.8, regyuleta ya alternata (kidhibiti volti chake) imekufa, au ule waya mwembamba unaoiambia alternata volti za betri umekatika au fyuzi yake imeungua; alternata inadhani betri iko chini na inazidi kusukuma. Ila gari likiwa na kosa hili, betri ya gari yenyewe ndiyo ingetangulia kuchemka, maana iko karibu na alternata, na waya mrefu wa kwenda kwenye trela hupoteza volti njiani. Hukutaja betri ya gari, kwa hiyo hatutarajii kukuta kitu huku.

Chaja ya nyumbani: iwashe betri ikiwa imejaa, pima kila baada ya saa moja. Chaja yenye akili hufika 14.4 au zaidi kidogo kisha hushuka yenyewe hadi 13.5 hivi. Zile za transfoma tupu, zenye sindano na swichi ya juu na chini, hazishuki. Hupanda 15, 15.5, hata 16 asubuhi ikikukuta umelala. Kama yako ni ya aina hiyo, itumie ukiwa macho na uichomoe betri ikifika 14.4.

Sasa paneli, na hapa ndipo tutakaa. Ngoja saa sita mchana, betri imejaa, friji imezimwa, gari limezimwa, chaja imechomolewa. Pima kwenye vichwa vya betri, usiamini kioo cha kontrola, kile kifaa kilicho kati ya paneli na betri kinachodhibiti chaji. Kontrola nzima itakaa 14.4 hadi 14.6 kwa muda, kisha ishuke hadi 13.7 au pungufu. Ukisoma 15 na namba bado inapanda, umempata. Paneli ya "volti 12" ikiwa haijabeba mzigo hutoa 21 hadi 22, na taa zako mbili zimekufa kwa kuonja kitu cha namna hiyo.

Makosa yanayowezekana ni mawili, nayo hutofautishwa kwa waya mmoja. La kwanza ni mosfeti, ile swichi ya kielektroniki ya ndani ya kontrola, kuungua ikabaki imeunganisha, hivyo paneli ikawa imeshikana na betri moja kwa moja. La pili halijulikani sana, nalo tunalikuta kwenye trela nyingi zilizofungwa na mafundi wa umeme wa magari. Fundi wa magari amezoea kuethi kila kitu, yaani kufunga hasi kwenye bodi: anaokoa waya, na kwenye gari ni sawa kabisa. Lakini kontrola nyingi za bei nafuu zimeunganisha chanya ya paneli na chanya ya betri kuwa njia moja, na swichi yao imekaa upande wa hasi. Hasi ya paneli ikiethiwa kwenye chasisi, na hasi ya betri nayo iko kwenye chasisi, umeme unaizunguka swichi. Kontrola inakata, kioo kinaandika "imejaa", na betri inaendelea kuchemka. Utanunua kontrola tatu mpya na zote zitaonekana mbovu.

Pima hivi. Funika paneli. Chomoa kwenye kontrola waya hasi wa paneli peke yake, mwache chanya mahali pake, uzibe ncha kwa tepu. Funua paneli, pima betri. Volti zikishuka taratibu kuelekea 13, waya ule ndio uliokuwa njia pekee, basi kontrola imeungua, nunua nyingine. Zikibaki juu ya 15 ilhali waya umechomolewa, umeme unapita kwenye bodi. Kuhakikisha aina ya kontrola, ichomoe kabisa, weka multimita kwenye mlio, gusa chanya ya paneli na chanya ya betri: ikilia, ndiyo ile inayokata upande wa hasi.

Dawa ni mita chache za waya. Toa ethi ya paneli, vuta nyaya mbili za milimita za mraba 4 kutoka paneli hadi kontrola, zisiguse bodi popote. Fremu ya alumini inaweza kugusa paa, hasi ya paneli isiguse. Kagua pia pale waya unapopenya paa. Mpira ukichubuka, ethi inajitengeneza yenyewe barabarani. Ukipenda kuendelea kutumia bodi kama hasi, nunua kontrola inayokata upande wa chanya. Kati ya kontrola na betri weka fyuzi ya ampea 15, karibu na betri. Na kila unapofunga upya, betri iingie kwanza, paneli baadaye. Kontrola zinazojitambulia zenyewe volti 12 au 24 zikionja paneli kwanza zinaweza kuamua kwamba mfumo ni wa 24, zikaanza kuitafuta 28.8 kwenye betri ya 12.

Maji: kama sahani za risasi zilizo ndani ya seli zimekaa wazi, ongeza maji kiasi cha kuzifunika tu, chaji ijae, ndipo ujaze hadi milimita chache chini ya shingo. Maji yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa. Soma chupa, kwa sababu kuna maduka yanayouza tindikali kwa jina hilohilo la maji ya betri. Kilichopotea ni maji, tindikali yako bado imo ndani. Ukiongeza nyingine unazila sahani. Taa za LED mpya zichague zilizoandikwa volti 10 hadi 30.

SWALI: Habari za kazi. Betri yetu ya AGM (tindikali imenyonywa na mkeka ndani), Ah 100, isiyofunguliwa, imevimba pande zote mbili baada ya miezi minane. Kontrola ni mpya na inasoma 14.6, haipandi zaidi. Iko kwenye boksi moja na friji. Kosa liko wapi kama volti ni nzuri?
*Mama mwenye trela, Voi*

JIBU: Nzuri, mama. Hiyo 14.6 ni nzuri kwa betri ya maji, iliyo kwenye baridi. Yako haina sifa hata moja kati ya hizo mbili.

Tazama kioo cha kontrola, bonyeza kitufe cha menyu hadi uone aina ya betri. Kwenye zile kontrola ndogo zilizojaa madukani, b1 ni betri iliyozibwa, 14.4, b2 ni ya jeli, 14.2, b3 ni ya maji, 14.6. Yako iko kwenye b3. Irudishe b1. Kama ni kontrola ya bei kubwa zaidi, tafuta pia ile chaji ya kusawazisha seli, ambayo baadhi huifanya zenyewe karibu kila mwezi ikipanda hadi 15 au zaidi, na uizime. Betri ya maji hunufaika nayo, AGM hutoa gesi kwenye vali, na maji yaliyotoka hakuna pa kuyarudishia.

Joto ndilo lililomalizia. Volti zote zinazoandikwa ni za nyuzi 25. Kwa kila nyuzi inayozidi, betri ya volti 12 inatakiwa ipunguziwe kati ya volti 0.018 na 0.030. Boksi la Voi lenye mgongo wa friji ndani yake linafika 40 bila shida: nyuzi 15 za ziada, punguza kama 0.36. Kwa hiyo 14.4 inakuwa takriban 14.0, na ile ya kupumzikia betri ikishajaa, 13.6, inakuwa 13.25 hivi. Wewe ulikuwa ukiipa 14.6. Betri yenye joto hunywa umeme zaidi, umeme huo unaongeza joto, joto linaifanya inywe zaidi, na mwisho wake ni tumbo uliloliona.

Hamisha betri, au jenga ukuta kati yake na friji na utoboe matundu chini na juu. Nunua kontrola yenye waya wa kupimia joto unaobandikwa kwenye betri yenyewe. Ile yenye kipimo ndani ya kasha lake inapima joto la ukuta ilipofungwa. Hiyo iliyovimba irudishe kwa wanaonunua betri chakavu, usiipe mtu aiwekee taa za banda.

SWALI: Mimi niko Minnesota. Nimenunua trela ya kukunja ya miaka ya 1990, iliyotumika. Nimeiacha imechomekwa kwenye umeme wa nyumba tangu Oktoba ili betri isigande. Machi nimefungua, maji yako chini ya sahani. Chaja iko wapi na nitaijuaje kama ni mbovu?
*Msomaji, Marekani*

JIBU: Chaja ni lile kasha la konveta, kwa kawaida liko chini ya kabati au kitanda pamoja na fyuzi. Linageuza volti 120 kuwa 12. Za miaka hiyo nyingi ni transfoma ya kawaida: zinakaa kwenye volti moja, 13.8 au zaidi kidogo, mwaka mzima, bila kujua betri imejaa. Wikendi moja ya kambi haidhuru. Miezi mitano inakausha. Kwa hiyo inawezekana kabisa si mbovu, imefanya tu kile ilichotengenezwa kufanya.

Pima kwenye betri, trela ikiwa imechomekwa na betri imejaa, taa zote zimezimwa. Kati ya 13.2 na 13.8, konveta haina kosa la volti. Juu ya 14.8 na haishuki baada ya saa kadhaa, itoe. Konveta za hatua nne za siku hizi hutumia 14.4 kujaza, 13.6 kazini, na 13.2 trela isipotumika, na nyingine hutengenezwa kuingia kwenye kasha lilelile la zamani, unabadilisha sehemu ya chini tu.

Angalizo moja kubwa kabla hujachomoa waya: kwenye trela za Marekani waya mweusi wa betri mara nyingi ndio chanya na mweupe ndio hasi. Mtu aliyezoea magari anaufunga mweusi kwenye hasi, na fyuzi mbili za konveta zinaungua papo hapo, zikiwa zimeshaokoa kilichobaki. Zikiwa nzima na betri bado haichajiwi, ndipo ufikirie konveta.

Kuhusu kuganda: betri iliyojaa haigandi kwa baridi ya Minnesota, tindikali yake huvumilia chini ya hasi 50. Inayoganda ni iliyoisha. Msimu ujao ichaji ijae, chomoa hasi, iache. Kwenye baridi hujipunguza polepole sana. Pima kila miezi miwili na uichaji ikishuka chini ya 12.4. Sahani za hii zimekaa hewani, kwa hiyo jaza maji, chaji, pima kwa haidromita, lakini usiitarajie makubwa.

SWALI: Nimetoa betri ya maji kwenye trela ya kwenda jangwani, nikaweka ya lithiamu, kila kitu kingine kile kile. Mchana umeme wote unakatika, betri inasoma volti 2 au sifuri, jioni inarudi yenyewe. Muuzaji anasema betri ni nzima.
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Muuzaji anasema kweli. Ndani ya betri ya lithiamu ya fosfeti kuna saketi ya ulinzi, na seli moja ikifika karibu volti 3.65, sawa na 14.6 kwa betri nzima, saketi hiyo hukata chaji, na kwenye baadhi ya betri hukata kila kitu, isiharibike. Betri ya maji ilikuwa ikionewa kimyakimya na kontrola ileile, hii inagoma. Hasara yake ni kwamba ikikata wakati paneli inasukuma, kontrola inabaki haina betri, na vifaa vyako vinaweza kupata volti za paneli zenyewe. Kabla friji haijaungua, weka volti za kujaza kati ya 14.2 na 14.4, za kupumzikia 13.5 au pungufu, zima chaji ya kusawazisha, na zima pia marekebisho ya joto, maana usiku wa baridi wa jangwani yanapandisha volti ambazo lithiamu haizihitaji. Kontrola isiyoruhusu mabadiliko hayo haikufai.

Ukipunguza volti na bado inakata saa saba mchana, shika boksi. Nyingi za betri hizi hukataa chaji seli zikifika nyuzi 45 hadi 55, na boksi la chuma juani huko Oman linazifikia. Kama gari nalo linaichaji kupitia relei tupu, yaani swichi inayounganisha betri mbili moja kwa moja, ondoa relei uweke chaja ya DC kwa DC ya ampea 20 au 30, inayodhibiti umeme unaotoka kwenye gari. Saketi ya ulinzi ikikata ghafla injini ikiwa inazunguka, volti za alternata huruka, na diodi zake ndizo hulipa.